Kipupwe Arusha: punguza maji kabla ya kufunika miche

Kila Juni, wingu la Meru likishatanda juu ya mji na jua kuchelewa hadi mchana, sisi wa ugani huulizwa yale yale: mrehani umenyauka, hoho zimedumaa, miche ya nyanya inaanguka kitaluni. Na karibu kila anayeuliza keshaongeza maji.

Hapo ndipo anapomaliza bustani yake. Arusha mjini, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, usiku wa Julai joto hushuka hadi nyuzi 12 au 13. Jani haligandi, lakini mizizi ya mimea ya joto hulegea na kunywa kidogo sana. Udongo unabaki tope, kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaoozesha shina la mche, kinaingia. Ng'oa mche mmoja ulioanguka, utazame shina pale linapotokea udongoni: limenywea, lina rangi ya kahawia, ukilibonyeza ni teketeke. Mche huo haukufa kwa kiu.

Chomeka kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, ndoo iweke chini. Siku ya kumwagilia, mwagilia saa tatu au nne asubuhi, shinani tu, majani yasilale yamelowa. Nyanya na viazi mviringo vikilala na maji, bakajani chelewa haiko mbali: mabaka meusi kama jani limeunguzwa kwa maji moto, na asubuhi ukiligeuza unaona utando mweupe. Majani hayo yafukie mbali, usiyatie kwenye mboji.

Kufunika kunafaa zaidi usiku wa anga jeupe lenye nyota, maana bila mawingu joto la ardhi hupotea upesi. Pinda fito, tandika shuka kuukuu juu yake lisiguse majani, na jua likitoka lifunue. Nailoni iliyolalia majani ni balaa, afadhali usifunike kabisa. Vyungu visogeze karibu na ukuta unaopigwa na jua la alasiri. Wenye bustani bondeni wajihadhari zaidi, hewa baridi huteremka na kutuama huko.

Moshi mjini, chini ya mita 1,000, wengi hamuhitaji haya yote. Marangu na Kibosho ya juu, huko miteremkoni mwa Kilimanjaro, ni habari nyingine. Majani makavu ya migomba mnayo tele, tandazeni, ila acheni shubiri moja kuzunguka shina.

Mbolea za kukuzia, urea na CAN, zingoje. Chipukizi laini la Julai ndilo linaloumizwa kwanza na baridi. Kuanzia Agosti ikielekea mwisho, mmea ukianza wenyewe kutoa majani mapya, tia mbolea kidogo.