Je, wajua mkia wa kiluwiluwi huenda wapi?

Mvua zikishika Kigoma, madimbwi ya Ujiji hujaa viluwiluwi wa chura. Watoto huwachota kwa makopo, na majuma kadhaa baadaye huuliza: mkia umeenda wapi? Haukudondoka, maana ndani ya kopo haumo.

Umeliwa kutokea ndani. Seli za mkia ziliamriwa kufa, zikatii. Amri huletwa na homoni ya thairoidi, inayotengenezwa na tezi ya shingoni, homoni ileile tuliyo nayo sisi. Watafiti waliwahi kukata mkia wa kiluwiluwi, wakauweka peke yake kwenye kisahani cha maabara na kuutilia homoni hiyo. Ukasinyaa, mwili haupo! Kumbe zana za kifo zilikuwa tayari ndani ya seli zenyewe.

Zana hizo ni vimeng'enya viitwavyo kaspesi, ambavyo kwa kawaida hulala. Mara nyingi kinachoviamsha ni mitokondria, vinu vya nishati vya seli: vikitobolewa huvujisha protini ya saitokromu c, na kaspesi huanza kukatakata. Seli husinyaa, humeguka vifurushi vidogo, na seli jirani huvimeza kabla uchafu haujamwagika. Seli iliyoungua moto hupasuka ovyo, ndiyo maana kidonda cha moto huvimba. Mkia wa kiluwiluwi hutoweka kimyakimya.

Lakini kinachonistaajabisha mimi zaidi ni mnyoo wa udongoni aitwaye C. elegans, mwenye urefu wa milimita 1 tu. Anapokua, seli 1,090 za mwili huzaliwa, na 131 hufa, karibu kila mara zilezile, zikabaki 959. Mwanabiolojia Robert Horvitz alizipata jeni zinazoendesha vifo hivyo, akashiriki Tuzo ya Nobel ya 2002 pamoja na Sydney Brenner na John Sulston. Mwaka 1992 watafiti walimpandikizia mnyoo huyo jeni ya binadamu, BCL-2, inayozuia seli kufa. Ikazuia. Breki ya mtu ilishika ndani ya mnyoo, ingawa nasaba zetu ziliachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Nawe tazama vidole vyako. Tumboni mwa mama, kiganja kilianza kikiwa bapa kama kafi la mvuvi. Seli za kati ya vidole zikafa, vidole vikaachana. Kwa bata, nyingi za seli hizo za mguuni huachwa hai, akabaki na utando anaoogelea nao akiwafuata viluwiluwi dimbwini.