Maji ya chumvi ya kisima na akwariamu ya baharini: TDS maana yake nini

Dodoma ukisema "maji ya chumvi" unaeleweka mara moja: maji ya kisima yasiyotoa povu la sabuni, yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika na madoa kwenye bilauri. Anayetaka kufuga samaki wa baharini nyumbani anaweza kudhani kisima cha namna hiyo kimeshamfanyia nusu ya kazi. Hakijamfanyia, kimemwongezea.

TDS ni jumla ya chumvi na madini yote yaliyoyeyuka kwenye maji, kwa miligramu katika kila lita. Kisima chenye TDS 1,500 ulimi unakikataa. Bahari ina 35,000 hivi, kwa hiyo kisima hicho hakijafika hata sehemu ya ishirini. Tena mchanganyiko wenyewe ni mwingine. Katika bahari, sodiamu na kloridi huchukua karibu asilimia 85 ya chumvi yote, magnesiamu iko kama miligramu 1,300 kwa lita na kalsiamu kama 410. Maji magumu ya kisima mara nyingi yamejaa kalsiamu na bikaboneti, na mchanganyiko huo hautageuka bahari hata ukiuchemsha mpaka ukaushe sufuria.

Kipima TDS, kile kidogo cha kuchovya, hakihesabu madini moja moja. Kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha kinakadiria. Kikisoma 600 hakikuambii kama ni chokaa au ni nitrati iliyoshuka kutoka mashimo ya choo na samadi ya zizini. Silika, inayotoka kwenye miamba na kulisha ule mwani wa kahawia unaofunika vioo, haipitishi umeme, hivyo kipimo karibu hakiioni kabisa. Nitrati na shaba zinahitaji vipimo vyake. Shaba hasa, kwa sababu kiasi kidogo ambacho samaki anakivumilia huua kamba, konokono na matumbawe.

Madhara makubwa huingia kwa maji ya kujazia, si yale ya siku ya kwanza. Maji yakipotea kwa mvuke, chumvi inabaki, na kwa hewa kavu ya Dodoma tangi la lita 200 lenye feni juu yake linaweza kupoteza lita 2 kwa siku. Chukua kisima chenye nitrati miligramu 50 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakikubali kwa kunywa. Lita 2 huingiza miligramu 100 kila siku, yaani 3,000 kwa mwezi, na tangi linapanda miligramu 15 kwa kila lita hata kama samaki hajalishwa punje. Miezi mitatu ni 45. Ukibadilisha maji kwa kutumia yale yale ya kisima, unaondoa nitrati kwa mkono mmoja na kuirudisha kwa mwingine.

Dawa yake ni mashine ya RO (kwa Kiingereza reverse osmosis) inayosukuma maji kupitia utando mwembamba, ikifuatiwa na chupa ya resini, yaani punje ndogo zinazonasa madini yaliyobaki. Utando huondoa asilimia 95 hadi 98 ya TDS: maji ya 1,000 yanatoka na 20 hadi 50, na resini inamalizia mpaka 0. Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa sababu utando unataka shinikizo la karibu bar 4. Simtank iliyoinuliwa mita 6 inatoa bar 0.6 tu, na matone yatakayotoka yatakuwa machache na bado machafu. Lazima pampu ya kuongeza shinikizo. Tangulizeni chujio la kuzuia mchanga na tope la mikroni 5, maana tope la kisima huziba utando mapema, na chokaa nayo hugandamana juu yake kama kwenye birika. Kwa kila lita safi, lita 3 au 4 hutupwa zikiwa na chumvi iliyozidi ya kisima kwa robo au theluthi. Zinafaa chooni na kudekia, mchicha usizipe.

Resini ikiisha haraka wakati utando ni mzima, mshuku hewa ya kaboni dioksidi, ambayo visima virefu huwa nayo nyingi. Inapita kwenye utando bila kuzuiwa na kula resini. Ibadilishe resini kipimo kinapotoka tu kwenye 0. Silika huanza kuvuja hata kabla ya hapo.

Chumvi ya akwariamu huingia baadaye: gramu 700 hadi 760 kwa ndoo ya lita 20, pampu izungushe saa 24, joto nyuzi 25, uzito linganifu (uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji safi) 1.025. Upime kwa refraktomita, kifaa kinachosoma chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda ndani ya maji, kwani kipima TDS cha kawaida hakifiki namba za bahari. Chumvi ya mezani ni sodiamu kloridi karibu tupu, haina magnesiamu wala kalsiamu ya kutosha. Maji ya kujazia kila siku hayatiwi chumvi kabisa.

Na maji ya mvua? TDS yake ni ndogo kweli, lakini yakipita kwenye bati yanabeba zinki, sumu nyingine kwa kamba na matumbawe. Yapitishe kwenye resini pia.