Siku 21 si kipimo cha mazoea ya nyumbani

Inasemwa sana kwamba jambo likirudiwa siku 21 huwa mazoea. Familia inapanga utaratibu mpya, siku ya 22 bado watu wanakumbushana, na lawama zinaanza. Hazina msingi.

Hesabu hiyo inatokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa Marekani, aliyeandika mwaka 1960 kuwa wagonjwa walihitaji angalau siku 21 kuzoea sura mpya baada ya upasuaji. "Angalau" ikaachwa njiani. Watafiti wa University College London baadaye walikuta jambo huchukua wastani wa siku 66 kuwa mazoea, kuanzia 18 hadi makadirio ya 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu, jambo linalostahili kuwafariji wazazi wengi.

Kwa hiyo jipeni miezi miwili au mitatu, kwa jambo moja tu. Lifungeni kwenye tendo lililopo tayari: mkimaliza chakula cha usiku, kabla ya yeyote kukaa penginepo, kila mtu anaosha sahani yake. Mkisema "jioni" tu, kila mtu atakuwa na jioni yake. Na kama jambo lenu ni mtoto kutundika begi lake, msumari uwe usawa wa bega lake; ukiwa juu zaidi, begi litaishia sakafuni.