Bunge la Francophonie halitoi amri

Miaka nenda miaka rudi watu husema Bunge la Francophonie, yaani jumuiya ya wabunge wa nchi zinazotumia Kifaransa, ni mkono wa Ufaransa wa kuyaamuru mabunge ya Afrika. Sivyo. Makao yake yako Paris, ni kweli, lakini lilianzishwa Luxembourg mwaka 1967, na Kanada, Uswisi na Ubelgiji zimo. Halitungi sheria: wabunge hukutana, hupeana uzoefu na kutoa maazimio yasiyomfunga mtu.

Tazama wakati wa korona. Tarehe 23 Machi 2020 Ufaransa ilipata sheria yake ya dharura ya kiafya. Kesho yake Rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura nchini Kongo, na muda ulipokwisha ukawa unaongezwa siku 15 baada ya siku 15. Idhini ya kuuongeza ilitolewa na wabunge wa Kinshasa wenyewe, si na Bunge la Francophonie.