Mashine imesoma 6.4 asubuhi: je, nimeshapata sukari?

Mimi ni muuguzi hapa Mbeya. Siku hizi mashine ndogo za kupimia sukari zinapatikana kwenye maduka mengi ya dawa, na watu wananijia na namba wameiandika kiganjani, wengine hawajapata usingizi usiku kucha. Wengi wao hawana kisukari, ila wanahofia kwamba wako njiani. Haya ndiyo wanayoniuliza.

Dada, nimepima kabla ya kunywa chai, imetoka 6.4. Ndiyo sukari hiyo?

Kwa namba moja, mama, hakuna anayeweza kukuambia una kisukari. Kisukari huanza kuhesabiwa kwenye 7.0 na kuendelea, ukiwa hujala chochote kwa saa nane au zaidi, maji tu. Tena kipimo cha kuthibitisha hufanywa maabara kwa damu ya kwenye mshipa, na kama huna dalili yoyote kinarudiwa siku nyingine.

Kati ya hali ya kawaida na kisukari kuna mpakani, yaani sukari imeanza kupanda lakini haijafika. Shirika la Afya Duniani linahesabu mpakani kuanzia 6.1 hadi 6.9. Chama cha Kisukari cha Marekani kinaanzia chini zaidi, 5.6. Ndiyo maana mwenye 5.8 anaweza kuambiwa na mmoja kwamba yuko salama na mwingine kwamba yuko mpakani, na wote wawili wasiwe wamekosea.

Halafu mashine yenyewe. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinakubali tofauti ya hadi asilimia 15 juu au chini ya kipimo cha maabara kwenye namba za kuanzia 5.55. Damu ambayo maabara imeisoma 6.4, mashine nzima isiyo na hitilafu inaweza kuisoma 5.5 leo na 7.3 kesho. Kwa hiyo namba ya nyumbani ni sababu ya kwenda maabara. Nenda nayo, usilale nayo.

Jirani yangu mashine yake imeandika 112! Atapona kweli?

Mashine yake inatumia kipimo kingine, miligramu kwa desilita. Gawanya kwa 18 utapata hizi namba zetu, za milimoli kwa lita: 112 ni kama 6.2. Mwambie leo hii, maana hofu ya namna hiyo inaumiza bure.

Nimepima mara mbili ndani ya dakika kumi. Kwanza 8.1, kisha 5.9. Mashine ni mbovu?

Kabla hujaitupa, niambie mikono yako ilikuwa imeshika nini.

Mama mmoja wa Uyole alinijia na daftari la shule, kurasa nne za namba alizoandika kwa kalamu nyekundu. Nilimwomba apime mbele yangu kama anavyopima nyumbani. Akafuta kidole kwenye khanga, akajichoma, ikatoka 8.4. Nikamwuliza alikuwa anafanya nini kabla ya kuja. Alikuwa anamenya ndizi mbivu za kuuza. Tukaenda kwenye bomba, akanawa kwa sabuni, akakausha vizuri hadi katikati ya vidole, akapima tena: 5.8. Kurasa nne za daftari, na sehemu kubwa ilikuwa sukari ya ndizi iliyoganda kwenye ngozi.

Tone la damu linalohitajika ni dogo mno, kwa hiyo alama ya tunda, asali au soda kwenye kidole inatosha kulipotosha. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa, kwa sababu hata maji yaliyobaki yanaichanganya damu. Choma ubavuni mwa kidole, siyo katikati ya ncha. Hapo panauma kidogo na damu inatoka vizuri. Usikamue kidole kwa nguvu. Kama hakuna maji karibu, futa tone la kwanza na upime la pili.

Niko Makete. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi mashine inaonyesha alama ya kosa tu.

Baridi ya huko naijua. Mashine nyingi hazifanyi kazi vizuri chini ya nyuzi 10 hivi. Soma karatasi iliyokuja nayo. Iache ndani chumba kikipata joto, ikae kama dakika ishirini. Usiiweke jikoni karibu na moto, wala vijiti vyake vya kuwekea tone la damu, kwani joto na mvuke huviharibu. Vijiti vikae kwenye kichupa chake, kifuniko kimefungwa muda wote, na tarehe ya mwisho uiangalie kabla ya kununua. Mikono nayo ikiwa ya baridi damu haiji: iloweshe kwenye maji ya uvuguvugu, kausha, ning'iniza mkono chini kidogo, ndipo uchome.

Nipime saa ngapi, na mara ngapi kwa wiki? Vijiti ni ghali.

Ni ghali kweli, na ndiyo maana nawakataza watu kupima ovyo kila wanapopata wasiwasi. Kwa mtu ambaye hana kisukari na hatumii dawa yoyote ya sukari, hakuna haja ya kupima kila siku. Kijiti kimoja kiwe na swali lake.

Fanya hivi. Chagua mlo mmoja unaokula mara nyingi, tuseme ugali na maharage ya jioni. Pima kabla ya kuanza kula, andika. Hesabu saa mbili tangu tonge la kwanza, pima tena, andika, na pembeni andika ulikula kiasi gani na ulifanya nini baada ya hapo. Siku nyingine kula mlo uleule, ila punguza ugali hadi nusu, ongeza maharage na mboga. Siku ya tatu kula kama siku ya kwanza, halafu toka utembee dakika ishirini. Vijiti sita, siku tatu, na mwili wako umeshakujibu mwenyewe. Watu wengi baada ya saa mbili huwa chini ya 7.8. Ukizidi hapo mara kwa mara, ongea na mtoa huduma, usianze kujipa jina la ugonjwa.

Asubuhi kabla ya kula, mara mbili au tatu kwa wiki kwa wiki mbili zinatosha kupata picha. Usishangae sukari ya alfajiri ikiwa juu kuliko ya usiku uliolala nayo. Kuelekea kuamka, homoni za mwili huliambia ini limwage sukari kwenye damu. Ukiwa na homa, maumivu, msongo wa mawazo, au unatumia vidonge kama prednisoloni, sukari hupanda pia; subiri upone ndipo upime, ila prednisoloni usiiache bila daktari. Na kwa ndugu zangu wa Iringa msimu wa ulanzi: pombe hulizuia ini kutoa sukari, kwa hiyo asubuhi yake namba inaweza kupendeza bila sababu.

Basi niache ugali, wali wa Kyela na viazi?

Usiache. Nimeona watu wakiacha kila kitu wiki mbili, wakachoka, wakarudi kwenye sahani ileile ya mlima. Pima sahani kwa macho: nusu iwe mboga za majani, robo maharage, samaki au nyama, robo iliyobaki ndiyo ugali, wali, ndizi au viazi. Dona ni bora kuliko sembe, lakini dona ya sahani mbili bado ni sahani mbili. Parachichi halipandishi sukari sana, na hapa kwetu tumebarikiwa nalo. Mahali pa kukaza mkono ni soda, juisi na chai ya vijiko vinne.

Nianze metformin, ile dawa ya kisukari, mapema nijikinge?

Siyo kwa uamuzi wako. Marekani walifanya utafiti mkubwa kwa watu 3,234 waliokuwa mpakani, matokeo yakatoka mwaka 2002. Waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, kisukari kilipungua kwao kwa asilimia 58. Waliopewa metformin kilipungua kwa asilimia 31. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, na kwa milima yetu ya Mbeya kutembea kwa haraka kunatosha kukutoa jasho. Kuna wanaofaa kupewa dawa, daktari ndiye atakayesema.

Maabara niombe kipimo gani?

Cha sukari kabla ya kula. Pale penye HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, kiulizie: 5.7 hadi 6.4 kwa asilimia ni mpakani kwa hesabu ya Wamarekani, 6.5 na zaidi ni kisukari. Kama una selimundu, upungufu wa damu au ujauzito, waambie kwanza, maana kipimo hiki kinaweza kudanganya. Ukikutwa mpakani, rudi kupima kila mwaka.

Usisubiri miadi kama una kiu isiyoisha, unakojoa mara nyingi, unapungua uzito bila kujua sababu na mashine inasoma 11.1 au zaidi. Nenda siku hiyohiyo. Ukiongeza kutapika au kuhema kwa nguvu, nenda saa hiyohiyo.

Mume wangu na mdogo wangu nao wanataka kupima kwa mashine yangu.

Vizuri, kwa sababu ndugu wa damu wa mwenye kisukari wako kwenye hatari kubwa zaidi. Lakini kisindano kila mtu chake, kipya, na ile kalamu ya kuchomea pia msichangie, kwani homa ya ini na virusi vya UKIMWI hupita humo. Visindano vilivyotumika tia kwenye chupa ngumu ya plastiki, ifunge, watoto wasiifikie, na ikijaa ipeleke kituo cha afya.