Utulivu wa hisia kwa aliyeacha pombe miaka mingi

Mtu anaweza kukaa miaka kumi bila kuonja pombe na bado akabaki na hasira zile zile, woga ule ule na kiu ile ile ya kusifiwa aliyokuwa nayo alipokuwa akinywa. Katika vikundi vya AA, ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha ulevi, mtu wa namna hiyo anajulikana sana, na wengi waliomo wamewahi kuwa yeye. Anachokosa huitwa utulivu wa hisia: kuweza kuipokea siku ilivyo na watu walivyo, bila kungoja kwanza mambo yaende atakavyo ndipo moyo utulie.

Dhana hii inaeleweka vizuri zaidi ukijua ilikotoka. Bill Wilson, mtu wa soko la hisa la New York, alilazwa katika hospitali ya Towns Desemba 1934, mwili ukiwa umeharibiwa na pombe. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba chumba kilijaa nuru na akahisi Mungu yu karibu. Hakunywa tena mpaka alipofariki Januari 1971. Mwaka 1935, mjini Akron, Ohio, alianzisha AA pamoja na daktari wa upasuaji Robert Smith, na mwaka 1939 Hatua Kumi na Mbili, mwongozo wa AA wa kuuacha ulevi na kubadili maisha, zikachapishwa katika kitabu cha AA. Aliyemtazama kwa nje angesema huyu safari ameimaliza.

Lakini tangu 1944 Wilson alishikwa na sonona iliyomwandama kwa zaidi ya miaka kumi. Akatibiwa na daktari wa akili, Harry Tiebout. Aliendelea kuwahudumia walevi waliomjia, na wengi wao walipona huku yeye akiwa gizani. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika habari zake: nuru ya 1934 ilimwondolea pombe, haikumwondolea utu wake wa zamani.

Januari 1958 jarida la AA, Grapevine, lilichapa barua yake kuhusu suala hilo. Alikuwa ameyachunguza maisha yake kwa muda mrefu na kuona kwamba kila anapovurugika, chini yake kuna utegemezi, na juu ya utegemezi huo kuna dai. Alikuwa akiwategemea watu na hali za maisha vimpe hadhi, usalama na mapenzi yasiyo na dosari, kama kijana anavyoota. Wasipompa, alipigana nao. Akishindwa vita, aliporomoka. Alieleza kwamba msaada aliupata katika sala inayohusishwa na Fransisko wa Asizi, inayomwomba Mungu ajalie mtu atafute zaidi kupenda kuliko kupendwa.

Tuseme mtu ameacha pombe miaka minane. Ndugu zake wanaitisha kikao cha harusi ya mpwa wake, naye anasikia habari hizo kwa jirani. Usiku hapati usingizi. Atasema amedharauliwa, na huenda ni kweli. Lakini Hatua ya Kumi, inayomtaka ajikague kila siku, inamsukuma aulize zaidi ya hapo: mimi nilikuwa nadai nini? Akiwa mkweli ataona alitaka ukoo umtambue kuwa ni mtu mzima wa kutegemewa, na uitambue ile miaka minane. Dai hilo lina haki ndani yake. Shida ni kwamba ameikabidhi amani yake mikononi mwa watu ambao pengine bado wanakumbuka harusi aliyoiharibu kwa ulevi. Anaweza kwenda kikaoni, akatoa mchango wake, akabeba viti. Wakimshukuru, vyema. Wasipomshukuru, hajapungukiwa.

Nyumbani ni vigumu zaidi. Mume anayesema “nimeacha pombe miaka sita, na bado huniamini na pesa” anamtolea mkewe ankara. Hatua ya Tisa inamwagiza arekebishe madhara aliyoyafanya pale ambapo kurekebisha hakutamuumiza mtu. Haimwahidi kwamba aliyekosewa atasamehe kwa tarehe fulani.

Hatua zinamtaja Mungu “kwa jinsi tulivyomwelewa”. Maneno hayo yamewaweka waumini wa dini mbalimbali na wasio na dini katika chumba kimoja, na hata katika soba hausi za Zanzibar, nyumba wanakoishi watu wanaoacha ulevi na dawa za kulevya, Hatua hizi zinatumika. Wasomaji wa mwanzo walidhani lazima kila mmoja apate nuru ya ghafla kama ya Wilson. Mwaka 1941 ufafanuzi ukaongezwa katika kitabu chao: mabadiliko ya wengi huja polepole, kwa njia ya kujifunza, namna ambayo mwanasaikolojia William James aliwahi kuieleza. Mara nyingi wenzako huyaona kabla yako. Na aliyepata nuru ya ghafla naye alihitaji njia ya polepole, kama tulivyoona.

Januari 1961 Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, alimwandikia Wilson kuhusu mgonjwa wake wa zamani. Alisema kiu ya pombe ya mtu huyo ilikuwa, kwa ngazi ya chini, kiu ya kiroho ya kuwa mtu kamili, akaielekeza barua yake kwenye Zaburi ya 42: “Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji.” Ukilikubali wazo hilo, utaelewa kwa nini kuiondoa chupa peke yake hakutoshi. Kiu inabaki, na itatafuta pa kushika: kazi, mapenzi, sifa, hata uongozi ndani ya kikundi.

Asiyekunywa naye anaweza kuwa na kiu hiyo. Lois, mke wa Wilson, alimrushia mumewe kiatu kwa hasira pale mume alipomwambia wawahi mkutano, na hapo mume alikuwa ameshaacha pombe. Alipojichunguza aligundua kwamba kwa miaka mingi alijiona ndiye atakayemponya mumewe, na sasa watu wengine walikuwa wamefanya kazi hiyo. Mwaka 1951 alishiriki kuanzisha Al-Anon, ushirika wa jamaa za walevi, unaotumia Hatua zile zile.

Naomba jambo moja lisichanganywe na haya. Sonona ni ugonjwa. Mwenye huzuni isiyoondoka, au anayewaza kujiua, anahitaji daktari sasa hivi, pamoja na kikundi chake. Mwenzake akimwambia aache dawa kwa sababu imani yake ni ndogo, asimsikilize. AA yenyewe imechapisha onyo kwamba mwanachama asijifanye daktari wa mwenzake, na kwamba wapo waliorudia pombe, na hata waliojiua, baada ya kuacha dawa walizohitaji.