Kolini si kolesteroli

Kolini ni kirutubisho ambacho mwili hujitengenezea kidogo tu; kinachopungua lazima kiliwe. Si vitamini B kamili, ingawa kazi zake zinakaribiana na za foleti, ambayo ni mojawapo ya vitamini B.

Tabu iko kwenye jina. Mtu ananunua yai la kuchemsha sokoni Darajani, anakula ute, kiini anamtupia paka, akiulizwa anasema anakimbia "kolini". Anachokikimbia ni kolesteroli. Majina yamefanana kwa sababu yote mawili yanatokana na neno la Kigiriki la nyongo: kolesteroli ilitambuliwa kwenye vijiwe vya nyongo, kolini ikapatikana kwenye nyongo ya wanyama, na mkemia Mjerumani Adolph Strecker akaipa jina mwaka 1862. Udugu unaishia hapo. Kolesteroli ini huitengeneza ya kutosha hata usipoila kabisa, kolini haliwezi.

Tena ini lenyewe linaihitaji. Hufunga mafuta katika vifurushi vidogo ili yatoke kwenda kwenye damu, na ganda la kifurushi hujengwa kwa fosfatidilikolini, aina ya mafuta yenye kolini ndani yake. Ganda likikosekana, mafuta hujazana ini humo humo. Watu wazima waliolishwa kwa majaribio chakula kisicho na kolini, wengi wao ini liliingia mafuta au misuli ikaharibika, waliporudishiwa, wakapona. Wanawake ambao bado wanapata hedhi walistahimili zaidi, kwani homoni ya estrojeni huamsha utengenezaji wa kolini mwilini. Lakini msiigeuze habari: ini lenye mafuta aghalabu hutokana na unene na kisukari, kwa hivyo kidonge cha kolini si dawa ya "kusafisha ini".

Ubongo huitumia kutengeneza asetilikolini, inayopeleka ujumbe wa kumbukumbu na wa misuli. Mwanamme anahitaji kama miligramu 550 za kolini kwa siku, mwanamke 425, mjamzito 450, anayenyonyesha 550. Yai moja kubwa lina kama 147, karibu zote kwenye kiini. Gramu 85 za maini ya ng'ombe zinapita 350, ila mjamzito asiyazidishe, vitamini A yake ni nyingi mno.

Aliyeambiwa na daktari apunguze viini afuate alivyoambiwa. Kolini ataipata kwa samaki, kuku na maharage. Anayeviacha kwa hiari yake, naye aseme anaepuka kolesteroli.